Tundu la Kabla ya Turbo

Fundi anayefunga kipimajoto cha moshi kwenye lori la dizeli hufanya jambo ambalo mafundi wengi hufundishwa kulikwepa: huchukua kekee na kuitoboa injini nzima, isiyo na ubovu wowote. Tundu lenyewe ni dogo, halifiki milimita 9. Hutobolewa kwenye manifodi ya ekzosi, ile mikono ya chuma cha kusubu inayokusanya moshi wa silinda zote kabla haujaingia kwenye turbo. Kisha hukatwa hesi, na ndani yake hukazwa kijiti cha chuma chembamba kuliko penseli. Kutoka hapo waya hupenya hadi kwenye dashibodi, kwenye geji yenye mshale mmoja. Kazi ikiisha, lori halijaongezewa nguvu wala halijapunguziwa ulaji wa mafuta. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne madereva na wenye malori wa Marekani wamelipa fedha wafanyiwe kazi hiyo, au wameifanya wenyewe uani kwao. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba dizeli yenye turbo ina joto kali, hivyo lazima ichungwe. Jibu hilo lina ukweli wa nusu. Dizeli ilikuwa ya moto tangu Februari 1897, Rudolf Diesel alipoionesha injini yake ikipimwa kule Augsburg, Ujerumani, na malori yaliendeshwa kwa dizeli kwa miongo kadhaa bila dereva kuoneshwa joto la moshi. Ninachodai ni kwamba geji hii huingia pale ambapo mtu aliyeshika usukani amepewa, au amejitwalia, uwezo wa kumimina mafuta kuliko hewa iliyopo ndani ya silinda. Ukitaka kujua ilipotokea na ilipotoweka, fuata mamlaka juu ya mafuta.

Dai hilo halieleweki bila kutazama dizeli inavyotofautiana na petroli. Katika gari la petroli, ukikanyaga mafuta unafungua kwanza mlango wa hewa, na petroli huifuata hewa kwa kipimo. Dizeli ya lori haiendeshwi hivyo. Kila pistoni ikishuka huvuta hewa yote inayoweza kuingia, na kinachobadilika ni kiasi cha mafuta ambacho nozeli inapuliza. Mafuta kidogo katika hewa nyingi hutoa joto linalosambaa na kupoa; injini isiyo na mzigo inaweza kutoa moshi usiofika nyuzi 200 za Selsiasi. Ongeza mafuta huku hewa ikibaki ileile, na joto hupanda. Mlimani, na shehena nzito nyuma, moshi hupita nyuzi 600. Kwa hiyo joto la moshi wa dizeli ni habari ya uwiano: linaeleza mafuta kiasi gani yamekutana na hewa kiasi gani. Ndiyo maana mwinuko una uzito mkubwa katika historia hii. Wasomaji wanaoijua barabara ya kutoka Mombasa kwenda Uganda wanajua inaanzia ufukweni na kupita Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya bahari, ambako hewa imekuwa nyepesi kwa karibu robo nzima. Pampu ya kimakanika isiyo na kifaa cha kuhisi kanieneo la hewa haijui kwamba imepanda. Inapuliza mafuta yaleyale ya Mombasa.

Chombo cha kupimia kilizaliwa kwenye tanuri, miaka mingi kabla ya injini. Kipimajoto cha zebaki hakifai kwa moto mkali, kwa sababu zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, alijaribu mwaka 1782 kupima joto la matanuri yake kwa vipande vya udongo vinavyosinyaa vikichomwa. Skeli yake ilikosea sana, lakini alikuwa amelitambua tatizo. Njia ya kweli ilifunguka Berlin mwaka 1821. Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti, shaba na bismuthi, zikawa duara. Alipopasha moto kiungo kimoja, sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye mwenyewe aliamini ameona usumaku, na ni Hans Christian Ørsted aliyetambua kwamba ule ulikuwa umeme uliozaliwa na joto. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Henry Le Chatelier alitengeneza jozi ya nyaya, mmoja wa platini na mwingine wa platini iliyochanganywa na rodi, akapata kipimo cha kuaminika cha matanuri. Hata hivyo platini ni mali ya sonara. Jambo lililoufanya ujuzi huu ufike barabarani lilitokea Marekani, ambako Albert Marsh alipata hataza mwaka 1906 kwa aloi ya nikeli na kromi. Katika ukoo wa aloi za namna hiyo zikatoka nyaya mbili za bei nafuu, Chromel na Alumel, ambazo hadi leo ndizo jozi ya kawaida katika vipimajoto vya moshi vinavyofungwa na wenye malori. Kwenye nyuzi 700 jozi hiyo hutoa milivolti 29 hivi. Ni umeme kidogo mno, ila ulitosha kuusogeza mshale wa geji za zamani bila betri wala kikuza umeme. Joto la moshi lenyewe ndilo lililousukuma mshale. Kwa sababu hiyo mafundi waliambiwa wasithubutu kuukata waya uliozidi urefu: ukiufupisha, umebadilisha ukinzani wake na geji itasema uongo.

Waliotangulia kusoma joto la moshi wa dizeli kila siku walikuwa mainjinia wa meli. Alfred Büchi, Mswisi wa Winterthur, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi unaotoka kuzungusha turbini, na turbini kuzungusha kompresa ya kusukumia hewa ndani ya silinda. Ilichukua miaka 20 hivi wazo hilo kuwa kitu: katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za namna hiyo, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Katika injini kubwa za baharini ikawa desturi kila silinda kuwa na kipimajoto chake kwenye njia ya moshi, na injinia wa zamu kuandika namba zake kitabuni. Silinda moja ikipanda juu ya wenzake, alijua nozeli yake inavuja au vali ya moshi haifungi vizuri. Angalia nani alikuwa anasoma. Nahodha kule juu aliyeagiza mwendo hakuhitaji geji hiyo. Aliyeihitaji ni mtu wa chini, ambaye angeweza kurekebisha mafuta ya silinda moja moja kwa mkono wake.

Lori lilianza na mpangilio mwingine kabisa. Benz na MAN walipoleta malori ya kwanza ya dizeli kule Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na Bosch walipoanza mwaka 1927 kutengeneza pampu za nozeli kwa wingi, swali la mafuta kiasi gani lilijibiwa kiwandani. Pampu ilikuwa na kikomo. Kikomo kilipangwa chini kidogo ya mahali moshi unapokuwa mweusi. Na skrubu yake ikafungwa kwa waya wenye lakiri ya risasi. Dereva alikanyaga hadi mwisho, na mwisho huo ulikuwa wa kiwanda. Hewa nayo, mwinuko ukiwa mmoja, ilikuwa ileile siku zote, kwa kuwa silinda haibadiliki ukubwa. Katika hali hiyo kipimajoto kingemwambia dereva kitu asichoweza kukitendea lolote. Turbo ilipoanza kuingia kwenye malori, kwa Saurer wa Uswisi mwaka 1938 na kwa Volvo mwaka 1954, jambo moja lilivurugika: hewa haikuwa tena ileile. Sasa hewa ilitegemea turbini, turbini ilitegemea moshi, na moshi ulitegemea mafuta. Mafuta yakawa yanatangulia, hewa inafuata nyuma.

Hapa ndipo Marekani inapoingia, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kampuni ya Cummins, iliyoanzishwa mwaka 1919 katika mji wa Columbus, jimbo la Indiana, ilipeleka gari la dizeli lenye turbo kwenye mashindano ya Indianapolis mwaka 1952. Gari hilo lilipata nafasi ya kwanza ya kuondokea, kisha likashindwa kumaliza kwa sababu mdomo wa turbo, uliowekwa chini karibu na lami, uliziba uchafu wa barabarani. Ni mfano mkali wa kile nilichokwisha kusema: mafuta yanakuja, hewa haiji. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ilileta mfumo wa mafuta ulioitwa PT, ambamo kiasi cha mafuta kilitegemea shinikizo, na shinikizo hilo liliamuliwa kwa sehemu na kipande kidogo cha chuma ndani ya pampu, kilichofanana na kifungo cha shati na kuitwa hivyohivyo. Kipande hicho kilikuwa na namba. Kukitoa na kuweka chenye namba nyingine kulitosha kuongeza nguvu, na habari hiyo haikubaki kuwa siri ya mafundi wa kampuni. Ilienea kwenye vituo vya malori kote nchini.

Na aliyeipokea habari hiyo alikuwa mtu wa aina ya pekee: dereva mwenye lori lake, anayelipwa kwa shehena au kwa maili, asiye na bosi wa kumkataza kuifungua pampu wala wa kumnunulia pistoni mpya. Lori lake, pamoja na mzigo, liliweza kufika tani 36. Njia yake ilipanda Donner Pass kule California, zaidi ya mita 2,100, au milima ya Colorado, ambako handaki la Eisenhower lililofunguliwa mwaka 1973 liko zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari. Mtu huyo ndiye aliyelifanya neno “pairo”, kifupisho cha pirometa, yaani kipimajoto hiki cha moshi, kuwa neno la kazi. Alichojifunza kwenye mshale kilipingana na mwili wake. Lori linapozidiwa mlimani, mguu hutaka kukandamiza na mkono hutaka kuing’ang’ania gia kubwa. Geji ilimwonesha kwamba hapo ndipo joto linapopaa, kwa sababu injini inazunguka polepole, turbo haisukumi hewa ya kutosha, na kila mpigo wa pistoni unapokea mafuta mengi. Akishusha gia, injini huzunguka haraka, hewa huongezeka, mafuta ya kila mpigo hupungua, na mshale hurudi. Elimu hiyo haikuwepo kwenye kipimajoto cha maji. Maji huchelewa, huweza kuchukua dakika kadhaa kuonesha kile ambacho moshi umekwisha kusema ndani ya sekunde chache.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba nimezungusha maneno bure: turbo ilikuja, joto likaja, geji ikaja, na habari ya mamlaka ni pambo. Nina ushahidi wa aina mbili unaonizuia nisikubali. Wa kwanza ni Ulaya. Malori ya Ulaya yalipata turbo mapema kama ya Marekani, hata mapema zaidi, lakini kwa kawaida madereva wake hawakuwekewa kipimajoto cha moshi. Pampu zilibaki na lakiri, na mwenye mamlaka juu ya mafuta alibaki kuwa kiwanda. Joto lilikuwepo, geji haikuwepo. Ushahidi wa pili unatoka angani. Katika miaka ya 1960 marubani wa ndege ndogo za petroli kule Marekani walianza kufunga vipimajoto vya moshi, na nyingi ya ndege hizo hazikuwa na turbo hata kidogo. Zilikuwa na kitu kingine: mkono wa kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, uliowekwa mbele ya rubani. Mwenye gari la petroli lenye injini ya ukubwa uleule, ambaye kabureta yake ilipangwa na kiwanda, hakuhitaji geji hiyo wala hakuinunua. Ukiweka lori la Ulaya upande mmoja na ndege ndogo upande wa pili, turbo haielezi kwa nini geji imo humu na haimo mle. Mkono wa mtu juu ya mafuta unaeleza.

Pingamizi la pili lina heshima zaidi, maana limetoka kwa madereva wakongwe wenyewe. Wanasema walijua joto kwa kutazama rangi ya moshi: ukiwa mweusi, ondoa mguu. Kwa injini isiyo na turbo hilo lilikuwa kweli, na kiwanda chenyewe kilipanga kikomo kwa kanuni hiyo. Lakini turbo ikishaingiza hewa ya ziada, moshi unaweza kuwa safi machoni huku joto lake likiwa juu mno, hasa mlima ukiwa mrefu. Usiku rangi haionekani. Na kuanzia mwaka 1970, sheria za Marekani ziliweka kikomo cha weusi wa moshi wa dizeli kubwa, hivyo pampu zikaongezewa vifaa vya kuchelewesha mafuta hadi turbo iamke. Alama ya zamani ikafutwa na sheria. Mtu aliyeitegemea akabaki bila macho. Sioni ajabu kwamba pirometa ilikuwa tayari kuchukua nafasi yake.

Tundu lenyewe, hata hivyo, lilitobolewa wapi? Katika malori makubwa kijiti kwa kawaida kiliwekwa baada ya turbo, kwenye bomba linalotoka. Sababu ilikuwa na msingi. Gurudumu la turbini ya turbo ndogo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kipande cha kijiti kilichokatika kabla yake kingelivunja. Ila turbini hufanya kazi kwa kula joto la moshi, kwa hiyo moshi unaotoka umepoa. Mzigo ukiwa mkubwa, tofauti hufika nyuzi 100 hadi 170. Mzigo ukiwa mdogo, tofauti hupungua sana. Hakuna namba moja ya kujumlisha. Dereva anayesoma baada ya turbo anakisia, na ukisiaji wake ni mbovu zaidi wakati ule ule injini imo hatarini. Mabishano haya yalikuwa ya kitaalamu hadi mwaka 1989, Dodge walipouza pikapu yenye injini ya Cummins ya lita 5.9, yenye turbo na nguvu za farasi 160. Kati ya 1994 na 1998 injini hiyo ilitumia pampu ya Bosch aina ya P7100, iliyokusudiwa kazi za injini nzito, na ndani yake mlikuwa na bamba dogo la chuma linalozuia mafuta. Wenye pikapu waligundua kwamba bamba hilo linaweza kusogezwa mbele, kupigwa tupa, au kutolewa kabisa. Ni kisa kilekile cha kifungo cha PT, safari hii mikononi mwa mkulima anayekokota trela la farasi. Na watu hawa, waliokuwa wameongeza mafuta mengi kwa mikono yao, ndio walioshikilia kwamba tundu litobolewe kabla ya turbo.

Namna walivyotoboa inaonesha jinsi walivyolichukulia jambo hilo kwa uzito. Wengine walifungua turbo kwanza, wakatoboa manifodi ikiwa wazi, wakavuta chenga kwa sumaku. Wengine walipaka grisi nzito kwenye ncha ya kekee na kwenye tepu ya kukatia hesi ili chenga zinase, wakatoboa kidogo na kufuta, kidogo na kufuta. Wengine waliiacha injini ikiunguruma mwishoni mwa kutoboa, ili msukumo wa moshi utupe chenga nje badala ya kuzipeleka ndani. Chuma cha kusubu kiliwasaidia, kwa kuwa hakitoi nyuzi ndefu. Humeguka kama mchanga. Manifodi ya injini hiyo imegawanyika, silinda tatu za mbele upande wake na tatu za nyuma upande wake, kwa hiyo ilibidi kuchagua upande wa kuusikiliza. Ncha ya kijiti ililazimu ifike katikati ya mkondo wa moshi, isiguse ukuta. Mtu asiye na hatia ya mafuta ya ziada asingejisumbua hivyo. Kuhusu hofu ya kijiti kukatika, haikuwa ya bure, ila aloi inayokifunika huvumilia joto kubwa kuliko manifodi yenyewe inavyostahili kufikia, na kinachokivunja ni mtikisiko wa miaka au ufungaji mbaya. Kati ya hatari hiyo na hatari ya kuendesha injini iliyoongezwa mafuta bila kujua joto lake, naona walichagua sawasawa.

Kuna mtaalamu atakayesema kwamba geji hii hata hivyo haipimi kitu kinachoharibika. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi ya pistoni, yenye silikoni ndani yake, huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 600. Ilhali madereva walijiwekea mpaka kati ya nyuzi 650 na 680 na pistoni zikadumu. Anasema kweli. Moto wa ndani hupita nyuzi 2,000 kwa kitambo kifupi mno, moshi hutoka kwa mapigo, kijiti kinasoma wastani wake, na pistoni hupozwa na mafuta ya injini yanayoirukia kwa chini. Mpaka ule ulikuwa wa uzoefu. Ulibeba ndani yake muda: dakika moja juu yake si sawa na dakika kumi. Kwa hiyo geji haikuondoa haja ya busara ya dereva. Iliidai zaidi, na kumpa kitu cha kuipimia.

Kisha mamlaka yakahama tena. Kanuni za moshi za Marekani zilizoanza mwaka 2007 zilifanya vichujio vya masizi kuwa vya kawaida katika dizeli za barabarani, na kichujio hicho husafishwa kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 550 hadi 600. Sasa injini yenyewe hupandisha joto la moshi kwa makusudi, kwa kupuliza mafuta mpigo unapokwisha, na kompyuta ndiyo inayoamua lini na kiasi gani. Ili iamue vizuri imewekewa vihisi vya joto kadhaa mahali mbalimbali kwenye njia ya moshi, vingi vyake vikiwa vya platini, metali ya Le Chatelier iliyorudi kwa umbo lingine. Lori halijawahi kupima joto la moshi wake kwa uangalifu kama linavyopima leo, na kompyuta hupunguza mafuta yenyewe ikiona hatari, dereva apende asipende. Katika mengi ya magari hayo, dashibodi haina mshale wa pairo. Wenye pikapu wamelijibu hilo kwa kununua kioo kidogo chenye waya, wanachokichomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, ili kiiulize kompyuta namba ambayo tayari inayo na kiwaoneshe wakiwa wanapanda mlima.